Siku Niliyomwua Balozi Sebuleni Kwake

Mpwa wangu ananicheka. Akicheza zile gemu zake ndefu, akafika kwa adui wa mwisho, hunipa mimi kile kidude cha vitufe kwa adabu zote, kama anampa mgeni paja la kuku. "Mmalize wewe, shangazi." Nami namrudishia. Nasema macho yananiuma, au nimeacha chungu jikoni. Juzi alinibana. Huyu mtu ameua mama wa shujaa, amechoma mji, sasa amepiga magoti, kitufe ni kimoja tu, shangazi unaogopa nini? Nikamwambia mimi mwoga tangu zamani. Ni kweli, ila si jibu, na mtoto yule si mjinga.

Jibu liko Usagara, Tanga, kwenye nyumba mbili za mtaa mmoja: yetu, na ya mtu tuliyemwita Balozi.

Nyumbani kwetu woga ulikuwa na sauti yake. Mtu akibisha mlango, hata awe jirani anaomba chumvi, baba alisukuma kiti nyuma, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu, halafu ndara zake zikaenda chapchapu hadi chumba cha uani. Huko alikaa kimya mpaka bibi atangaze ni nani aliyekuja. Akishajua, alitoka anajifuta uso, anajifanya alikuwa anatafuta kitu. Hakuna aliyemwuliza alikuwa anatafuta nini. Nilikua nikidhani baba wote hufanya hivyo, na siku nilipomwona baba wa rafiki yangu anafungua mlango mwenyewe, anacheka, nilishangaa sana.

Habari yenyewe ilianza nikiwa mdogo, miaka ile ya themanini mwanzoni, madukani hamna kitu. Watu walifulia majani ya mpapai. Baba alikuwa na duka dogo, na shangazi yangu alikuwa anaolewa Pangani, kwa hiyo chini ya kitanda cha bibi palikuwa na magunia ya sukari ya arusi. Alasiri moja wakaja mgambo. Mbele yao alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mjumbe wa chama mtaani, mtu aliyekuwa akinywa kahawa barazani kwetu kila siku. Yeye hakupekua chochote. Alinyoosha kidole tu, kwenye mlango wa chumba cha bibi. Baba akachukuliwa, akaitwa mlanguzi, mfichaji wa bidhaa. Aliporudi arusi ilikuwa imeshapita, duka halipo, na meno yake ya mbele hayapo. Mimi ninachokikumbuka ni mlango kugongwa, na viganja vya bibi vikiniziba macho, vinanuka kitunguu.

Bibi alikuwa mtu wa Pangani, na dawa yake ilikuwa moja: halbadiri. Kwa asiyekulia pwani, ni hivi. Ukidhulumiwa na huna wa kumshtakia, unawaita watu wa chuo cha Kurani, ubani unafukizwa, yanasomwa majina ya watu wa Badri, na mbaya wako anashtakiwa kwa Mungu. Baada ya hapo hayamo tena mikononi mwenu. Mtu huvimba, hupofuka, huanza kuokota makopo njiani. Lakini si jambo la mchezo, kwa sababu aliyesomesha naye akiwa na doa, inamgeukia yeye na watoto wake.

Kila Ramadhani ikikaribia bibi alianza.

"Mie watu nawajua. Niache niende Pangani siku moja tu."

"Acha, mama."

"Kakutoa meno yule!"

"Acha, mama, nakuomba."

Naye baba anainuka, anakwenda zake. Mimi nilimkasirikia baba. Nilimwona anaogopa hata kumchukia aliyemdhulumu. Niliapa moyoni kwamba mimi nitakuwa tofauti, na huku kiapo hicho nakiapa nikiwa chini ya meza, kwa sababu mtu alikuwa amebisha hodi.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikawa huru. Ghafla sabuni zikawa na manukato, mitumba ikajaa hadi barabarani, na mama akaanza kwenda Muheza kuchukua machungwa, akiyauza sokoni bila kumwogopa mtu. Na nani alikuwa wa kwanza kufungua duka kubwa mtaani kwetu? Balozi. Magunia ya sukari aliyapanga barazani, nje kabisa, watu wakiyakalia wakisubiri chenji. Baba alikuwa akizunguka njia ya nyuma asipite pale. Mimi nilipita, nikayatazama yale magunia.

Mtoto wa Balozi alikuwa Dubai. Alileta televisheni ya rangi, friji, na mashine ya gemu yenye kaseti zake. Mke wa Balozi akauza barafu za ukwaju mlangoni, na sebuleni watoto wakalipa kucheza, umeme ukiwapo, maana siku zile ulikuwa wa mgao. Nikawa naaga nyumbani kwamba nakwenda kununua barafu. Siku ya kwanza nilipotoa sarafu yangu, Balozi mwenyewe aliirudisha mkononi mwangu.

"Huyo mwacheni acheze."

Hakuniangalia usoni. Nilidhani ananidharau, kwamba hela yetu kwake si hela. Tangu siku hiyo sikulipa, na kila mara niliondoka pale nimepewa barafu. Niliila kwa hasira, lakini niliila.

Gemu nyingi zilikuwa za kukimbia na kuruka. Moja tu ilikuwa ndefu, yenye hadithi, ya kusoma Kiingereza, na kwa kuwa nilikuwa kidato cha pili watoto waliniachia mimi. Kulikuwa na kijana. Kijiji chake kinachomwa, baba yake anachukuliwa na mtu mwenye joho jekundu, naye anazunguka dunia nzima anaokota panga na dawa, anapata nguvu kidogo kidogo, miezi kwa miezi, ili siku moja amfikie yule mtu. Mapigano yake hayakuwa ya haraka. Unachagua neno: piga, au dawa, au kimbia. Kisha unangoja adui naye achague la kwake. Kule kungoja ndiko kulikokuwa kunanitoa jasho.

Yule mwenye joho nilimpa jina siku ileile niliyoanza. Nilimwita Balozi. Watoto wakacheka mpaka wakashika matumbo, na jina likashika. Ukiingia mle sebuleni ungewasikia, "Balozi kaiba tena! Balozi kamchoma yule bibi!", na mwenye jina yuko dukani, ukuta mmoja tu katikati. Nilikuwa nakufa kwa woga. Lakini sikuwanyamazisha. Kila nilipompiga hata askari mdogo wa yule mtu nilihisi kitu kinanilegea kifuani, nikawa naamini kabisa, kwa akili zangu zote za kidato cha pili, kwamba siku nikimwua Balozi wa kwenye kioo, baba ataacha kukimbilia uani. Sikumwambia mtu. Ungeyasema kwa sauti ungejiona punguani.

Mwaka huo bibi alimsomea marehemu babu khitma, kisomo cha kuwaombea waliokufa. Wakaja watu wa chuo kutoka Pangani, kanzu nyeupe, wakaingia kwetu asubuhi, ubani ukatoka madirishani ukajaa mtaa mzima, kisomo kikasikika hadi kona, tukala pilau wakaondoka. Ilikuwa khitma ya marehemu kama khitma nyingine zote. Mimi nilikumbuka zaidi ukoko wa pilau.

Siku si nyingi Balozi akaanza kuvimba miguu.

Mwanzoni alitembea anaburuza. Kisha akawa hafiki dukani, anakaa sebuleni kwenye kiti cha mikono, nyuma yetu, miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Watoto wakaacha kulitaja lile jina. Wengine wakaacha kuja. Mimi niliendelea, kwa sababu nilikuwa nimekaribia mwisho, na nilikuwa naogopa kwenda na naogopa kutokwenda. Kisogo changu chote kilikuwa kinamsikiliza. Akikoroga maji kwa miguu, chwa, chwa, nilikosea kitufe.

Halafu ikafika alasiri ile. Watoto wote walikuwa uwanjani kwenye mpira, mke wake yuko uani anapepeta mchele, namsikia. Mimi nimefika kwenye mlango wa mwisho, nimehifadhi mahali nilipofika, nimeingia. Yule mwenye joho jekundu akasimama. Lile neno la kukimbia lilikuwapo kama siku zote, lakini mbele yake halikufanya kazi. Ukilichagua, unabaki palepale na yeye anakupiga.

"Shikamoo," nikasema, maana nilimsikia nyuma yangu anasogeza beseni.

"Marahaba. Endelea, usinijali mie."

Nikaendelea. Piga. Ngoja. Dawa. Ngoja.

"Naambiwa huyo mnamwita jina langu."

Vitufe viliteleza kwa jasho. Nilifikiria mlango, nikapima kama naweza kumpita, na nikajua kwamba siwezi, ingawa asingenizuia.

"Kwani kafanya nini?" akauliza.

Ningeweza kusema sijui. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ila ilikuwa yangu.

"Kachoma kijiji. Kamchukua baba wa huyu kijana."

Maji ya beseni yalitulia.

"Basi mwue nione," akasema.

Nikamwua. Ndiyo siku niliyoingoja, miezi yote ile, na nilimwua mwenyewe ananiangalia. Joho likapasuka, kioo kikawa cheupe, yakapita maneno.

"Anasema nini?"

"Anasema... hayajesha."

"Hayajesha?"

"Ndivyo wanavyosema wote wakifa," nikamwambia, utadhani mimi mzoefu sana wa vifo vya namna hiyo.

Kisha yule kijana akarudi kijijini kwake. Nilikuwa natarajia watu, ngoma, baba yake kwenye mlango. Palikuwa na nguzo zilizoungua. Kijana akasimama katikati, muziki wa pole ukapiga, yakaanza kupanda majina ya wageni waliotengeneza gemu.

"Baba yake yuko wapi?"

"Hayupo."

"Hata baada ya kumwua huyo?"

"Hata baada ya kumwua."

Akaniambia nizime, niwashe tena. Nikafanya. Gemu ikanirudisha mahali nilipohifadhi, nje ya ule mlango wa mwisho. Nikaingia, na yule mwenye joho akasimama, mzima, bila hata alama, ananisubiri. Sikuwa na furaha hata chembe. Nilijisikia nimekula ugali mwingi na bado nina njaa. Nilichokuwa nacho ni baridi mgongoni, kwa sababu nilijua kwamba nikirudi nyumbani sasa hivi na mtu akabisha, kiti kitakwaruza vilevile.

"Mwanangu," Balozi akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Geuka."

Nikageuka. Miguu yake ilikuwa imejaa, ngozi inang'aa. Lakini uso wake ndio ulionitisha. Nilikuwa naujua uso ule. Niliuona kila siku ukitoka chumba cha uani.

"Bibi yako alinisomea. Siku ile walipokuja watu wa Pangani. Ubani niliunusa nikiwa dukani, kisomo nikakisikia, na wiki ileile miguu ikaanza. Nakuomba umwambie, kwa heshima ya Mtume, aiondoe. Nilianza kukuogopeni siku nyingi. Nimekuacha ucheze, nimekupa barafu. Nifanye nini tena? Niambie nifanye nini."

Ilikuwa khitma. Sentensi moja tu ya kumwambia: ile ilikuwa khitma ya babu, hakuna aliyekusomea. Nilifungua mdomo. Lakini kichwani mwangu vilikuwa vimechanganyika, ubani na vitufe, miguu yake na lile jina nililomwapiza nalo kila alasiri, na sikuwa na hakika tena kwamba hakuna aliyemsomea. Nikatoka mbio bila kuaga.

Baba alikuwa uani anachagua machungwa ya mama, mazuri huku, yaliyobonyea kule. Bibi kwenye mkeka. Nikayasema yote, gemu na jina na miguu na ombi, nikihema. Bibi alipiga kofi moja.

"Alhamdulillahi! Na aogope! Hatukusoma kitu, na anateketea mwenyewe. Msimwambie neno. Mwacheni hivyohivyo mpaka siku ya kufa kwake. Mnadaiwa nini nyie?"

Niseme ukweli, nilimwunga mkono bibi. Hii ilikuwa nzuri kuliko ya kwenye kioo. Huyu hakuwa anafufuka ukizima ukawasha. Huyu angeogopa kweli, kila siku, na sisi tungekaa tu tunakula machungwa. Nikamtazama baba nione atakavyofurahi.

Baba alikuwa ameshika chungwa, analigeuzageuza.

"Mama, ile sukari haikuwa ya arusi yote."

"Najua," bibi akasema. "Kitanda changu kile. Mie si ndiye nilikuwa nalala juu yake?"

"Ndiyo maana nilikuwa nakukataza kusoma halbadiri. Ingeanza kutuuliza sie."

Bibi alijifunga upya leso yake ambayo haikuwa imelegea. Baba akaliweka chungwa, sikuona upande upi, akaingia ndani akatoka na kofia. Akaelekea mlango wa mbele. Mlango wa mbele! Nikamfuata, kwa sababu katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona baba akienda kubisha kwa mtu.

Alipita mbele ya duka, mbele ya magunia. Nilimwona anayaangalia. Akasimama kwenye mlango wa Balozi. Akauficha mkono kwenye msuli aliojifunga, akautoa, akagonga.

"Hodi!"

Nikadhani hakuna mtu. Halafu, ndani, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu. Maji yakamwagika. Na ndara zikaanza kwenda kuelekea uani, polepole kwa uzito wa ile miguu, chap, na baada ya kitambo, chap. Sauti ya kwetu ilitoka kwenye nyumba ya Balozi.

Nilitaka kuziba masikio. Hicho ndicho kilichokuwa kisasi chenyewe, kile kamili, ambacho hakuna gemu iliyowahi kunipa. Alichotufanyia tulikuwa tumemrudishia, kipimo kwa kipimo. Nami nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuipata tena, kwa sababu sasa zilikuwa nyumba mbili zenye sauti ile, na hakuna iliyopungukiwa.

"Hodi," baba akasema mara ya pili, na ya tatu. Kwa desturi, hodi ya tatu isipojibiwa unageuka unakwenda zako. Baba hakugeuka. Alisogeza mdomo kwenye ufa wa mlango, akasema taratibu, kama mtu anayemsemesha mtoto aliye chini ya meza.

"Ni mie. Niko peke yangu na binti. Hatukukusomea. Ilikuwa khitma ya baba. Kaitafutie miguu yako daktari."

Ndara zilisimama. Tulingoja. Mlango haukufunguliwa, na baba hakungoja ufunguliwe. Akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niko mdogo, tukarudi kwa njia ya mbele. Kiganja chake kilikuwa kimelowa chote.

Tulipofika kwetu, tulikuta bibi amefunga kwa komeo. Baba akagonga. Ndani kitu kikaanguka, kisha bibi akauliza kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia, "Nani?"

"Ni sie, mama," baba akasema. "Fungua, ni sie tu."